Ghala la mbao na maana ya urithi wa viwanda

Urithi wa viwanda ni mabaki ya kazi za uzalishaji yenye thamani ya kihistoria, kiteknolojia, kijamii, kiusanifu au kisayansi. Maana hiyo imewekwa na Mkataba wa Nizhny Tagil, uliopitishwa Julai 2003 katika mji huo wa Urusi na TICCIH, kamati ya kimataifa inayoshughulikia uhifadhi wa urithi huo. Mkataba unataja viwanda vyenyewe, mitambo, karakana, migodi, njia za usafiri, hata nyumba walimoishi wafanyakazi na mahali walipoabudu na kusoma. Maghala nayo yametajwa wazi kabisa katika orodha hiyohiyo.

Ninayasisitiza maghala kwa sababu ndiyo husahaulika kwanza. Mtu akisikia habari za kiwanda cha zamani, mawazo yake huenda kwenye bomba refu la moshi, gurudumu kubwa la maji au mashine ya mvuke. Ghala la mbao halina hata kimoja kati ya hivyo. Lina paa pana, nguzo zilizopangwa kwa mistari, na mara nyingi kuta zenye mianya kana kwamba fundi aliishiwa vifaa. Likikaa tupu miaka michache, wapita njia huliita banda, na banda halimuumizi mtu roho likivunjwa. Ndivyo yalivyotoweka mengi kabla hata hayajapimwa wala kupigwa picha.

Lakini mianya ile haikuachwa kwa bahati mbaya. Ukiielewa, umeshaanza kuelewa kwa nini jengo kama hili linaingia kwenye urithi wa viwanda.

Kazi iliyofanyika ndani ya ghala

Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Katika baadhi ya miti, maji hayo huwa na uzito sawa na wa mbao yenyewe ikiwa kavu, au hata kuuzidi. Maji yakipungua hadi kufikia kama asilimia 30 ya uzito huo mkavu, mbao huanza kusinyaa, na haisinyai sawasawa pande zote. Husinyaa zaidi kwa kufuata duara la pete za mti, kwa kiasi kidogo kuliko hapo kuelekea kwenye kiini, na kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ubao ujipinde, ujinyonge au upasuke. Seremala akitengeneza mlango kwa mbao mbichi, baada ya miezi michache mlango haufungi.

Kwa hiyo kati ya msumeno na seremala palihitajika mahali pa kungojea. Ghala la mbao lilikuwa mahali hapo, na kungojea kwenyewe kulikuwa sehemu ya uzalishaji. Kanuni ya zamani ya mafundi wa Ulaya ilisema mbao ngumu iachwe mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Ubao wa inchi 3 ungekaa ghalani miaka 3, mali ya mwenyewe ikiwa imelala pale bila kumwingizia senti.

Tazama rundo moja kwa karibu. Chini kabisa kuna vitako vya kuinua mbao kutoka ardhini, ili unyevu usipande na hewa ipite. Juu yake hulazwa safu ya mbao, kisha vijiti vyembamba vinavyokatiza, kisha safu nyingine, kisha vijiti tena. Kila kijiti lazima kikae juu kabisa ya kijiti cha safu ya chini, kwa mstari ulionyooka toka chini hadi kileleni. Kikisogea kidogo tu, uzito wa juu huangukia mahali pasipo na egemeo na mbao za chini hupinda hivyo hivyo, zikauke zikiwa zimepinda. Ncha za mbao hupakwa rangi au nta, maana maji hutoka haraka zaidi kupitia nchani kuliko ubavuni, na ncha iliyotangulia kukauka hupasuka. Hewa ikisimama, kuvu huingia na kuacha madoa ya samawati. Hewa ikivuma kwa nguvu pamoja na jua kali, upande wa nje hukauka na kukakamaa huku ndani bado kuna maji.

Jengo zima liliwekwa ili kusawazisha mambo hayo. Paa lilitokeza mbali nje ya kuta kuzuia mvua na jua la moja kwa moja. Kuta ziliachwa wazi au ziliwekwa mbao zenye nafasi, ili upepo uingie ukiwa umepunguzwa kasi. Nguzo zilisimama kwa umbali uliolingana na urefu wa mbao za biashara. Milango ilikuwa mipana au haikuwapo kabisa, kwa sababu mzigo wa mita kadhaa hauwezi kukunjwa kona. Hili ni jengo lililofanya kazi kwa upepo na muda, na ndiyo sababu mtu wa leo asiyeona mashine ndani yake hudhani halikuwa na kazi.

Kuna pia maghala yaliyojengwa kwa mbao lakini yakahifadhi bidhaa nyingine. Yale ya Bryggen, katika mji wa Bergen nchini Norwei, ndiyo mashuhuri zaidi. Yalijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1702 kwa kufuata mpangilio wa zamani, yalitumiwa na wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, kwa biashara ya samaki wakavu, na yaliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979. Hayo ni urithi kwa njia yake. Hapa nazungumzia zaidi yale ambayo mbao ndiyo iliyokuwa mzigo.

Chatham: kungojea kama sera ya dola

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua uko Chatham, kando ya mto Medway kusini-mashariki mwa Uingereza. Hapo palikuwa na karakana ya meli za kivita ya jeshi la majini, iliyofungwa mwaka 1984 na leo ni makumbusho. Katika miaka ya 1770 yalijengwa hapo mabanda ya kukaushia mbao kwa ramani moja iliyorudiwarudiwa, kila sehemu ikiwa na urefu wa futi 45 na upana wa futi 20. Lengo lilikuwa kuwa na akiba ya mbao ya kutosha miaka 3.

Sababu yake ilikuwa chungu. Vita vinapopamba moto, meli hujengwa haraka, na haraka maana yake ni mbao mbichi. Meli za namna hiyo ziliweza kuoza ndani ya miaka michache, pengine kabla hazijapiga hata mzinga. Upande wa pili wa fundisho hilo ni meli ya Victory, iliyojengwa hapohapo Chatham. Kazi yake ilianza mwaka 1759, lakini haja ya vita ikapungua, na mifupa yake ya mwaloni ikaachwa ikauke kwa muda mrefu kuliko kawaida. Iliteremshwa majini mwaka 1765, ikapigana katika vita vya majini vya Trafalgar mwaka 1805 ikiwa na umri wa miaka 40, na bado ipo Portsmouth hadi leo.

Mtu anayetazama mabanda yale ya kukaushia bila kujua habari hii ataona paa na nguzo. Anayejua ataona jinsi serikali ilivyojifunza kwamba subira ina gharama yake, ikaipangia bajeti, ikaichorea ramani na kuijengea. Ndiyo maana nasema ghala la mbao ni ushahidi wa fikra za uzalishaji, sawa kabisa na mashine.

Chatham ina jambo jingine la kustaajabisha. Mwaka 1995, sakafu ya karakana ya mafundi wa magurudumu ilipofunuliwa, chini yake zilikutwa mbao za meli zaidi ya 200 zilizotumika kuishikilia. Baadaye zilitambuliwa kuwa za meli ya Namur, iliyoteremshwa majini Chatham mwaka 1756. Meli ilipochakaa na kuvunjwa, mafundi hawakutupa mwaloni wake. Waliulaza chini ya miguu yao na kazi ikaendelea. Wangekuwa wamepita wakandarasi wenye haraka na kumwaga zege, tusingejua kabisa.

Rotherhithe: wachukuzi, vipimo na moto

Mbali kidogo na hapo, kwenye ukingo wa kusini wa mto Thames jijini London, palikuwa na bandari za Surrey, eneo la Rotherhithe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 na 20 zilikuwa lango kuu la mbao laini za London. Msonobari ulitoka Skandinavia, Urusi, nchi za Baltiki na Kanada, na mabwawa ya bandari yaliitwa kwa majina ya kule mzigo ulikotoka: Canada, Quebec, Norway, Russia. Jina Greenland ndilo la tofauti, kwani lilibaki kutoka enzi za uvuvi wa nyangumi.

Biashara hii ilikuwa na kipimo chake, kilichoitwa kwa jina la mji wa Petersburg. Kipimo kimoja kilikuwa vipande 120, kila kimoja urefu wa futi 12, upana wa inchi 11 na unene wa inchi moja na nusu. Jumla yake ni futi za ujazo 165, karibu mita za ujazo 4.67. Bei, kodi ya meli na ujira wa ghala vilihesabiwa kwa kipimo hicho. Kwenye ncha za mbao zilipigwa alama za rangi za msafirishaji, na mnunuzi mzoefu alitambua ubora wa mzigo kwa kuziona alama hizo tu, kabla hata hajaugusa ubao.

Walioubeba mzigo huo mabegani walikuwa wachukuzi maalumu. Walivaa kofia za ngozi zenye upande mrefu wa nyuma ulioshuka hadi shingoni na mabegani, ili mbao zisiwachubue. Walipita juu ya mbao nyembamba zilizotandazwa kama vidaraja kutoka rundo hadi rundo, mbao ndefu zikiyumba mabegani kwa kila hatua, na walizipanga kwa urefu unaozidi nyumba za ghorofa. Ustadi huo haukuandikwa kwenye kitabu. Ulikuwa magotini na kwenye mwendo wa mtu, ukipita kwa kijana kutoka kwa baba au mjomba.

Usiku wa tarehe 7 Septemba 1940, siku ya kwanza ya mashambulizi makubwa ya anga ya Ujerumani dhidi ya London, marundo hayo yaliwaka. Mbao zilizokaushwa na kupangwa kwa mianya ya hewa ndizo kuni bora kuliko zote, na moto wa bandari za Surrey ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuonekana Uingereza. Biashara ilirudi baada ya vita, lakini usafirishaji wa mbao ukabadilika, zikaanza kufungwa kwa mafurushi na kunyanyuliwa kwa mashine. Bandari zilifungwa mwaka 1970, na mabwawa mengi yakafukiwa. Lile la Russia sasa ni msitu mdogo wa kupumzikia. Wachukuzi wamebakiwa na sanamu na jina la mtaa.

Mimi naona Rotherhithe ni somo la kusikitisha kuliko Chatham. Majina yapo, maghala hayapo. Mtoto anayekulia hapo anaweza kutamka Canada na Norway kila siku bila kuwa na mahali pa kusimama akaona jinsi kazi ilivyokuwa.

Mambo ambayo ghala linaweza kueleza

Ushahidi mwingi katika ghala la mbao hauko kwenye mwonekano wa nje. Uko kwenye miti yenyewe iliyojenga jengo. Ukiangalia uso wa mhimili na kuona mikwaruzo iliyonyooka, inayokwenda sambamba, mti huo ulipasuliwa kwa msumeno wa kupanda na kushuka, wa mikono au wa fremu. Mikwaruzo iliyopinda kama upinde ni ya msumeno wa mviringo, uliosambaa katika karne ya 19. Kwenye maungio ya kenchi mara nyingi kuna tarakimu za Kirumi zilizochongwa kwa patasi: mafundi waliunganisha fremu nzima chini kwanza, wakaiwekea namba, wakaifungua, kisha wakaisimamisha mahali pake kipande kwa kipande. Kwenye miti iliyotoka Baltiki hukutwa alama nyingine, zilizochorwa kwa kisu chenye ncha ya mviringo, za wapanga madaraja ya ubora na wafanyabiashara wa kule.

Pete za mti nazo zinasoma miaka. Kwa kulinganisha unene wake na mfuatano unaojulikana wa eneo fulani, wataalamu huweza kutaja mwaka mti ulipokatwa iwapo pete ya mwisho chini ya gome ingalipo, na mara nyingine kutaja hata eneo ulikoota. Kwa njia hiyo mhimili wa ghala hueleza njia ya biashara ambayo daftari lake lilishapotea.

Na njia hizo hazikuwa safi zote. Mahogani iliyojaza maghala ya Uingereza katika karne ya 18 ilikatwa Jamaika na katika Belize ya leo kwa mikono ya watu waliokuwa watumwa. Msaji ulitoka Burma chini ya utawala wa kikoloni. Ukihifadhi ghala ukaandika kwenye kibao jina la msanifu na mwaka wa ujenzi tu, umehifadhi nusu ya habari, tena nusu iliyo rahisi. Kibao cha haki hutaja pia mikono iliyokata mti huo.

Alama za miili ya watu hubaki vilevile. Kiwanda cha Verla nchini Finland, kilichotengeneza massa ya mbao na kadibodi, kilifungwa mwaka 1964, kikawa makumbusho mwaka 1972 na kuingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Huko sakafu imebonyea mahali aliposimama mfanyakazi mmoja akipima uzito wa mafurushi kwa miongo mingi. Hakuna hati inayoeleza kazi yake vizuri kuliko kibonyeo kile, na fundi mwenye nia njema na randa mkononi angeweza kukifuta kwa dakika 10.

Dhana yenyewe ilivyokua

Wazo kwamba kiwanda kinastahili heshima ya kihistoria si la zamani. Neno akiolojia ya viwanda lilienea baada ya makala ya Michael Rix ya mwaka 1955 nchini Uingereza. Kuvunjwa kwa lango kubwa la kituo cha reli cha Euston jijini London, mwaka 1961 na 1962, kuliwashtua wengi na kuamsha harakati. Mkutano wa kwanza wa kimataifa ulifanyika Ironbridge, nchini Uingereza, mwaka 1973, na kutokana na vuguvugu hilo ikaja TICCIH. Bonde la Ironbridge lenyewe liliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986. Mwaka 2011, TICCIH na ICOMOS, baraza la kimataifa la makaburi ya kale na maeneo ya kihistoria, walipitisha Kanuni za Dublin, zinazotilia mkazo kwamba urithi huu unajumuisha pia vitu visivyoshikika: ujuzi, mpangilio wa kazi, kumbukumbu za wafanyakazi.

Kwa ghala la mtaa fulani, swali huwa dogo zaidi. Halihitaji kuwa la kwanza wala kubwa kuliko yote duniani. Huangaliwa kama linaeleza jambo ambalo majengo mengine ya hapo hayalielezi, kama sehemu zake za asili bado zipo, na kama limebaki karibu na wenzake: gati, reli, kiwanda cha kupasulia magogo, nyumba za wafanyakazi. Ghala lililobaki peke yake katikati ya maegesho ya magari bado lina thamani, ila sentensi yake imekatwa katikati. Likiwa na gati lake mbele na reli yake nyuma, hata mtoto anaweza kufuata safari ya mbao kwa miguu.

Kulihifadhi bila kuliua

Mbao huoza, hilo halikwepeki, kwa hiyo kuhifadhi jengo la mbao ni kubadilisha sehemu zake polepole. Waraka wa Nara kuhusu uhalisia, uliopitishwa Japani mwaka 1994, ulisaidia kuonyesha kwamba uhalisia wa jengo hauko kwenye ukale wa kila kipande tu. Upo pia kwenye umbo, matumizi, mbinu na mapokeo ya ufundi. Kanuni za ICOMOS za mwaka 2017 kuhusu urithi uliojengwa kwa mbao zinaelekea hukohuko: kata sehemu iliyooza tu, unga kipande kipya cha aina ileile ya mti kwa maungio ya kifundi, na acha kipya kitambulike kwa anayetazama kwa makini.

Hatari kubwa kuliko kuoza, kwa maoni yangu, ni ukarabati wa kupendeza. Ghala hugeuzwa kuwa ofisi au makazi, mianya ya kuta huzibwa kwa vioo, sakafu ya mbao humwagiwa saruji, nguzo zenye alama hupigwa msasa hadi zing'ae. Nje jengo linaonekana zima. Ndani, kila kitu kilichoeleza jinsi lilivyofanya kazi kimeondoka, na mara nyingi unyevu ulionaswa ndani ya kuta huanza kula mihimili iliyodumu karne nzima kwa sababu tu ilikuwa inapata hewa. Matumizi mapya si adui, maana jengo lisilotumika haliezekwi. Lakini matumizi yatafutwe yanayolifaa jengo. Soko, karakana, ukumbi wa maonyesho au ghala tena huvumilia upepo na sakafu yenye makovu. Vyumba vya kulala havivumilii.

Moto unahitaji mawazo ya pekee. Mhimili mnene wa mwaloni au msonobari hauwaki kama kuni ndogo: ngozi yake hugeuka mkaa, na mkaa huo huipunguzia kasi safari ya moto kuelekea ndani, chini ya milimita moja kwa dakika. Kwa hiyo fremu nzito inaweza kusimama muda wa kutosha watu kutoka. Kinacholiangamiza jengo ni takataka zilizolundikwa ndani, nyaya za umeme zilizochakaa na paa lililoachwa wazi kwa wanaotafuta pa kulala.

Na ikiwa hakuna njia, ghala likawa lazima libomolewe, Mkataba wa Nizhny Tagil unataka lirekodiwe kikamilifu kwanza. Kwa ghala la mbao, kurekodi maana yake ni kuchora ramani yenye vipimo, kupiga picha kila ungio na kila alama ya nguzo, kuchukua sampuli za miti kwa ajili ya kusoma pete zake, na kukaa na wazee waliofanya kazi humo wakiwa bado hai, wakaeleza rundo lilipangwaje, nani alilipwa nini, na upepo wa upande gani ulikuwa mzuri kwa mbao zipi.